Mtani Aliyekula Fungu la Serikali

Mimi ni mtu wa kinyesi. Sisemi hivyo kwa kujidharau. Ndiyo kazi inayonilisha. Ni afisa mifugo, niko Handeni, na katika kazi hii nimeshaingiza mkono hadi begani ndani ya ng'ombe aliyefiwa na ndama tumboni, nikamtoa yule ndama kipande kwa kipande, nikanawa, nikakaa na wenye ng'ombe nikanywa chai ya maziwa. Nimekamua majipu yanayonuka mpaka mbwa wa boma wanaondoka wenyewe. Sijawahi kutapika. Wenzangu niliosoma nao chuo waliomba kazi za ofisini mapema, mimi nikabaki na mabuti yangu ya mpira. Kwa hiyo nikisema kuna mtu ananitia kinyaa, naomba nieleweke vizuri. Mimi si wa kutiwa kinyaa hovyo.

Mtu mwenyewe alikuwa mpangaji wangu.

Nyumba iko Masuguru, Korogwe. Nilipokuwa bado nafanya kazi huko niliinua kuta kwa mshahara wangu, nikakwama kwenye bati, nikaenda benki. Benki wakanipa mkopo wa kumalizia na hati ya kiwanja wakabaki nayo. Nyumba unaifagia wewe, hati imelala kwenye kabati la watu, na kila mwezi unapeleka marejesho ili siku moja wakurudishie karatasi yenye jina lako. Nilikubali. Ni vyumba vitatu, sebule, na baraza ambapo mchana wote upepo unapita. Sikuwahi kuwa na kitu kingine kikubwa cha kwangu, na sidhani kama nitakuwa nacho.

Kisha nikahamishiwa Handeni. Nikapanga chumba Chanika, hapohapo Handeni, kwa baba mmoja ambaye anataka pango la nusu mwaka mkononi na hataki kuandika chochote. Anasema ukiandika tu, serikali itajua ana nyumba, kama vile serikali haioni bati. Na mimi, ili marejesho yasinishinde, ilibidi niipangishe nyumba yangu ya Masuguru. Mwenye nyumba huku, mpangaji kule. Maisha ya watumishi wa umma ndiyo hayo.

Nilitaka kufanya mambo kwa utaratibu, maana nilikuwa na hofu moja tu: kuipoteza ile nyumba. Ofisini kila mtu alinipa elimu yake. Mmoja, mtu mzima na shahada yake, aliniambia kwamba nyumba iliyo kwenye rehani si yako mpaka umalize deni, kwa hiyo kodi ya serikali juu ya pango inawahusu benki, siyo wewe. Mwingine akasema pango lenyewe likiishia benki lote, basi hujapata kipato, utatozwaje. Maneno matamu. Nilipanda gari mpaka Korogwe kwenda kuyauliza kwenye ofisi ya kodi, na dada aliyekuwa dirishani aliyamaliza kwa muda mfupi. Aliniuliza pango analipokea nani. Nikasema mimi. Akasema basi kodi ni yako, benki ni mambo yenu wawili. Fedha inakokwenda haiwahusu wao, wanaangalia inapoingia.

Akanieleza na mengine. Mkataba wa pango ulipiwe ushuru wa stempu. Kodi ya jengo, hiyo inajikata yenyewe kwenye luku kila mnunuzi anaponunua umeme. Na kwa kuwa mpangaji wangu angekuwa mfanyabiashara anayetumia nyumba kwa biashara yake, yeye ndiye atakayekata asilimia kumi ya pango kabla ya kunipa, aipeleke serikalini kwa jina langu, kisha aniletee cheti. Hiyo wanaiita kodi ya zuio. Ukishakuwa na cheti, umemaliza, hudaiwi. Bila cheti, kwa macho ya ofisi ni kama hakuna kilichokatwa. Nilitoka pale nimeridhika. Nilipata barua ya benki ya kuniruhusu kupangisha, nikalipa stempu, nikajiona mwanamke mwenye akili zake.

Sasa mpangaji. Alikuwa anauza vifaa vya ujenzi, saruji, nondo, misumari, rangi, na alitaka nyumba ya kufanya ofisi na kulaza mafundi wake. Babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa kukata mkonge enzi za manamba, na yeye mwenyewe amezaliwa hapahapa Korogwe. Kinyamwezi chenyewe anajua salamu tu. Lakini utani hauulizi hayo. Mimi Mzigua, yeye Mnyamwezi, tunataniana tangu wazee wetu. Kwetu mtani akikutukana unacheka. Akibeba kuku wako unacheka, halafu unavizia siku ya kubeba wa kwake. Hakuna kesi hapo, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa.

Na huyu hakuwa mtani wa mbali. Baba yangu alipofariki, msibani Kabuku, yeye ndiye aliyetufanyia utani. Watu wamekaa wamevimba macho, akatoka ndani amevaa koti la marehemu na kofia yake, anachechemea vilevile alivyokuwa anachechemea mzee, anapita kwa waombolezaji mmoja mmoja akiwadai pesa za machungwa aliyokuwa akiwauzia baba. Sauti ileile. Mpaka namna baba alivyokuwa anakohoa kabla ya kutaja bei. Mama yangu, ambaye tangu jana yake alikuwa hajafumbua mdomo hata kwa maji, alicheka mpaka akajifunika kanga usoni. Tangu siku ile nilimhesabu yule mtu kama ndugu. Alipokuja kuulizia nyumba sikutafuta hata dalali.

Malipo ya kwanza yalikuja yamekatwa asilimia kumi, sawasawa na alivyosema dada wa dirishani. Nikampigia simu kumuuliza cheti. Akaniambia, taratibu kabisa, kwamba fungu la serikali amelila yeye, na lilikuwa na nundu nzuri. Nilicheka nikiwa zizini kwa watu, simu nimeibana kwa bega, mkono umeshika sindano. Nikamwambia ashibe salama. Akasema cheti kinakuja.

Malipo ya pili, hivyohivyo. Nikauliza, akajibu kwamba serikali ni yeye, anakusanya mwenyewe na kutumia mwenyewe, kwa nini tuwasumbue watu wa ofisini. Nikacheka tena. Na kwenye harusi ya binamu yangu, Kabuku, alisimama mbele ya ukoo mzima, soda mkononi, akatangaza: "Huyu Mzigua mnayemwona ana nyumba, lakini mchumi wake ni mimi. Namkata kodi kila nusu mwaka na naila yote, wala hajui kunidai." Watu waliangua kicheko mpaka muziki ukapunguzwa ili asikike vizuri. Mama alijifuta machozi. Mimi nilimrushia kifuniko cha soda. Nikafurahi, kwa kweli, kwamba mtu yule mwenye maneno alikuwa wetu.

Natamani mtu anieleze ningejuaje. Kwa mtu mwingine yeyote maneno yale yangekuwa ni kukiri. Kwa mtani yalikuwa ni adabu. Ningemwambia nini, kwamba athibitishe? Ningeonekana mshamba, tena mwenye roho ndogo.

Basi mambo yakafika pabaya. Alianza kuchelewesha pango, mara wateja hawajalipa, mara barabara mbaya, na akaunti yangu benki ikawa inakosa marejesho. Wakaniita. Afisa mikopo, kijana mstaarabu tu, alinieleza kwamba wanaweza kunirefushia muda wa mkopo ili marejesho yapungue, ila kamati yao inataka kuona kwamba kodi zote za ile nyumba zimelipwa. Nikishindwa, kinachofuata ni notisi, na baada ya notisi ni mnada. Alilitamka lile neno la mnada kwa upole kama anayekukaribisha chai. Nilimwambia hakuna shida, kodi inakatwa, nitaleta vyeti.

Nikaenda ofisi ya kodi nikiwa na uhakika wangu. Wakaingiza namba yangu kwenye kompyuta. Wakaniuliza kama nina hakika kuna mtu anakata. Nikasema anakata tangu mwanzo. Wakageuza kioo nione mwenyewe, na kwa jina langu hapakuwa na kitu hata kimoja, wala kwa kampuni yake hapakuwa na dalili kwamba anapanga nyumba ya mtu. Yaani mbele ya serikali nilikuwa mwenye nyumba ambaye amekula pango la miaka yote hiyo amenyamaza. Nilikuwa nimefanana na yule baba wa Chanika.

Bado, Mungu anisamehe, nilipotoka pale nilikuwa namtetea. Nilijiambia labda amechanganya namba, labda mhasibu wake mzembe. Nikatembea mpaka Masuguru kwenye nyumba yangu. Baraza lote lilikuwa limejaa mifuko ya saruji, ukuta niliochagua rangi yake mwenyewe umekwanguliwa na nondo, na mafundi wanakojoa pembeni ya tangi la maji kwa sababu choo kimeziba na hakuna aliyejisumbua kukizibua. Harufu ile haikunishinda. Nimeshasema kazi yangu ni ipi.

Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anakula wali kuku. Nilimwamkia, ananizidi umri, nikaketi kwenye mfuko wa saruji nikamweleza yote: benki, kamati, notisi, mnada. Sikuficha kitu. Nilimwambia utani tuuweke pembeni kidogo, naomba vyeti vyangu. Akatafuna mpaka akamaliza. Akang'oa kipande cha nyama kwenye meno kwa ukucha, akakitazama, akakirudisha mdomoni.

"Mtani," akasema, "si nilikwambia nimeila? Nilikwambia kwenye simu, nikakwambia harusini mbele ya watu. Ukacheka. Mimi sijamficha mtu."

Mafundi wakacheka. Naye akacheka, midomo inang'aa mafuta. Nilimwangalia usoni kutafuta mahali utani ulipoishia, sikupaona, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwahi kutania. Alikuwa ananiambia ukweli, mara zote, kwa raha zake, kwa sababu alijua nitacheka. Alikuwa amekaa ndani ya mila zetu kama kupe kwenye sikio la ng'ombe, mahali ambapo mwenye ng'ombe hapagusi.

Mate yalinijaa mdomoni. Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba yangu mwenyewe na nikatapika. Kwa mara ya kwanza maishani, na mizoga yote ile niliyopasua.

Nilipeleka shauri kwa wazee. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, ndiye msemaji wa ukoo baada ya baba, naye aliitisha kikao Kabuku nyumbani kwake. Yule bwana hakualikwa lakini alikuja, amebeba sukari na mchele, akasalimia kwa matusi ya utani kila mtu na wazee wakamjibu kwa furaha. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, nikafafanua na kodi ya zuio ni nini, na benki wanataka nini, na kwamba nyumba inaweza kuuzwa. Wakati naongea yeye alikuwa anaigiza nyuma yangu, najua, maana niliona macho ya wazee yanavyocheza. Nilipotaja mnada akapiga kelele za dalali wa mnada. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa.

Hukumu yake ilikuwa kwamba mtani hashitakiwi. Kama amekula changu, na mimi niende nikachukue chake, ndiyo desturi, na tusipeleke mambo ya nyumbani kwa serikali. Wazee wakaitikia. Mimi nilikuwa natazama chini, na chini palikuwa na sakafu mpya, laini, ya saruji. Mwezi mmoja nyuma ilikuwa udongo. Sikuhitaji kuuliza mifuko ilitoka wapi. Wametandikiwa sakafu na pango langu, wakanywa chai yenye sukari ya pango langu, kisha wakanifundisha desturi. Kinyaa kilinipanda, nikaondoka bila kuaga vizuri. Mama, aliyekaa na wanawake mlangoni, peke yake hakucheka. Alinisindikiza mpaka barabarani.

Kwenye basi la kurudi Handeni maneno ya baba mdogo yalianza kunirudia. Niende nikachukue chake. Haya. Amesema mzee, na ukoo umeitikia.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda Korogwe, siyo kwenye nyumba, dukani kwake. Palikuwa na wateja wengi, msimu wa watu kuezeka. Nikaingia kwa kelele za utani, nikamuuliza kama huu ndio mwili uliolishwa na fungu la serikali, nikamwambia mkia umeshaanza kuota. Wateja wakafurahi. Naye akafurahi, akadhani nimekubali yaishe. Nikazunguka nyuma ya meza, nikaikumbatia mashine yake ya risiti, ile ya kodi, nikaichomoa waya, nikaitia kwenye begi langu la kazi katikati ya mabomba ya sindano na dawa ya minyoo. Nikamwambia, "Mtani, na mimi nimeila." Wateja walicheka kweli. Nikatoka kwa mwendo wa kawaida. Alikuwa bado anacheka nilipopanda pikipiki.

Duka kama lile halikai bila mashine. Kila mfuko unaotoka unatakiwa risiti, na Korogwe watu wa kodi wanapita madukani. Siku ya kwanza alinipigia simu anacheka, anauliza nimeipika kwa mchuzi gani. Nikamwambia kwa nundu. Siku ya pili hakucheka, akasema mchezo umetosha. Nikamuuliza mchezo gani. Niko Chanika, nikasema, akija na vyeti vyangu atanikuta.

Alikuja, lakini alikuja na askari. Nilikuwa nafua uani. Baba mwenye nyumba, kuona askari, alijifungia ndani akidhani wamekuja kuhesabu vyumba vyake. Majirani wakatoka. Yule bwana alikuwa amevimba, jasho linamtoka kwenye shingo, akaninyooshea kidole kwamba huyu mwanamke ni mwizi, ameingia dukani kwangu mchana kweupe ameiba mashine ya serikali. Nikajifuta povu, nikamwamkia askari, nikamwambia kwamba mashine iko ndani, salama, nimeifunika na kitambaa, ila huyu ni mtani wangu, mimi Mzigua yeye Mnyamwezi, na wazee wameniruhusu. Askari akaachia tabasamu, akashusha mabega. Naye alikuwa mtu mzima anayejua haya mambo. Akamgeukia akamuuliza kama ni kweli ni watani.

"Mimi sina utani na huyu," akasema. "Hakuna utani hapa. Sijawahi kuwa na utani naye."

Alilisema mbele ya uwanja mzima wa Chanika. Kuna bibi mmoja jirani, Mzigua wa Kwamsisi, alikuwa ameshika ungo, akauweka chini. Mtani kukana utani ni jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia kwa masikio yangu. Yule bwana alikuwa tayari amefungua mdomo kuendelea, akasita, nadhani na yeye alilisikia.

Nikamuuliza askari kama amesikia vizuri. Akasema amesikia. Nikasema basi, kama hatuna utani, hata harusini hatukuwa nao, na aliposimama kule mbele ya ukoo wangu akasema anakata kodi ya serikali kwenye pango langu na kuila yote, alikuwa anakiri. Mashahidi ni wengi. Nikaingia ndani nikatoa mashine, nikautoa na mkataba wenye stempu, nikamkabidhi askari vyote viwili. Nikamwambia ninachoomba ni kimoja, twende wote watatu ofisi ya kodi, mashine yake akaipokelee kule.

Hakutaka kwenda. Uso wake ulibadilika, ile nyama yote ya mashavuni ikalegea, akaanza kuniita mwanangu, akasema haya mambo tunayamaliza wenyewe, atalipa wiki hii hii, nisimharibie. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na unyevu, na nilijikuta nimeurudisha wangu kwenye karai la povu na naupiga msasa kwa dodoki mbele yake. Sikujizuia wala sikujali ananionaje.

Lakini mashine ilikuwa mikononi mwa askari. Akalipa. Alilipa yote aliyokata na ya adhabu juu yake, kwa sababu aliona heri hilo kuliko maelezo, na vyeti vikatoka kwa jina langu vimepangana vizuri. Nikavipeleka benki. Kamati ikakubali kurefusha mkopo. Notisi haikuandikwa. Akahama Masuguru kimyakimya, akaniachia kile choo, ambacho nilikizibua mwenyewe kwa mikono yangu nikiimba, na sasa anakaa pale mwalimu na familia yake. Huyo si mfanyabiashara, hakati chochote, asilimia kumi naipeleka mwenyewe dirishani na nasimama hapo mpaka nione imeingia.

Baba mdogo alinipigia simu kunilaumu. Alisema nimeua utani wa watu wa zamani kwa ajili ya makaratasi. Nilimuuliza sakafu inaendeleaje, akakata simu. Mpaka leo hatusalimiani vizuri, na wala sijutii.

Lakini ilibidi niende Kabuku kumwona mama. Nilimkuta anachambua mchicha. Nikamwambia nyumba imepona. Akamshukuru Mungu, kweli alifurahi, akaniuliza mara mbili kama hati itarudi siku moja na nikamhakikishia. Kisha akauliza ni kweli alivyosikia, kwamba yule bwana amekana mbele ya watu. Nikamwambia kweli. Akataka nimrudie maneno yenyewe, alivyosema. Nikamrudia: sijawahi kuwa na utani naye.

Mama aliendelea kuchambua, jani moja moja, mabua akiyatupa kwa kuku.

"Siku yangu mkinizika," akasema, "mnizike kimya."

Nikamwambia aache hizo, Wanyamwezi wamejaa Korogwe, tutamwita mwingine, mwenye heshima zake. Akatikisa kichwa. Akasema mtani akivaa kanga zake yeye mama na kuigiza mwendo wake, yeye hatakuwepo kumtazama usoni ajue anacheza au anatafuta kitu, na hataki tuachiwe sisi kazi ya kumchunguza siku hiyo. Alisema bila uchungu, kama mtu anayepunguza chumvi. Huyu ni mama yangu, ambaye kijiji kizima kinamjua kwa kicheko chake, mnakisikia kabla hamjafika uani. Nikachukua fungu la mchicha, nikaanza kuchambua naye.